Shamba Lililopimwa na Watoto

Sekela alikuwa amepiga magoti kwenye jamvi akigeuza kokoa juani aliposikia sauti ya mumewe ikitoka shambani. Haikuwa sauti ya kumwita mtu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama, na kabla hajapiga hatua Eliya alitokeza kati ya migomba amemshika binti yao Lusungu kiwiko. Kwa mkono wa pili alikuwa amening'iniza kitu kwenye utepe, akikiweka mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Kilikuwa kidude chepesi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, na katikati yake taa ndogo nyekundu zilikuwa zikiwaka na kuzimika.

"Muulize mwanao," Eliya alisema. "Muulize ni nani aliyemtuma azunguke mpaka wangu na dude hili mguuni."

Nyuma yao alikuja Naomi, akilia kimyakimya. Naomi alikuwa binti wa marehemu Ambilikile, mdogo wake Eliya, na alisoma darasa moja na Lusungu, la sita. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba tu, na wasichana hao walikuwa wakienda pamoja kila mahali, hata kuteka maji.

"Ni kazi ya shule, mama," Lusungu alisema. "Mwalimu Prisca ametugawa wawili wawili. Kidude kinahesabu hatua."

"Hatua za nini?"

"Zetu. Tulianza uwanjani. Tulitembea, tukakimbia, tukapima hatua ya kila mmoja ina urefu gani. Halafu tukakiandikia maagizo kwenye kompyuta: mguu ukitikisika, ongeza moja. Sasa kila kundi likapime mahali linapopajua."

"Na mahali mnapopajua ni shambani kwangu tu?" Eliya aliuliza. "Kanisani hampajui? Barabara ya kwenda Ipinda hamuijui?"

"Hapa ndipo tunapopajua zaidi, baba."

"Na mbona mmerudia? Nimewaona. Mmezunguka kwetu, mkazunguka kwa shemeji, kisha mkarudi tena kwetu."

Naomi alijipangusa pua. "Kwa sababu, baba mkubwa, majibu yali..."

Lusungu alimkanyaga mguu. Alimkanyaga haraka sana, lakini Sekela aliona.

"Nenda kwenu, Naomi," Eliya alisema. Kidude akakitia mfukoni, taa zikawa zinawaka ndani ya kitambaa cha suruali yake. "Na wewe, mambo ya huyo mwalimu yamekwisha leo."

Sekela hakumpinga. Kusema kweli, moyo wake ulikuwa upande wa mumewe. Haikuwa zamani sana tangu waje watu wenye fulana za rangi moja, wakazunguka mashamba ya kokoa ya Ndandalo na vyombo mikononi, wakahesabu miti, wakapiga picha, wakasema wanunuzi wa ng'ambo wanataka kujua kokoa inatoka wapi. Wakaagana na watu kwa tabasamu. Mpaka leo hakuna aliyejua namba zile zilikwenda kwa nani. Tangu hapo mtu mwenye kipimo alikuwa mtu wa kutazamwa mara mbili, na sasa kipimo kilikuwa kimefungwa kwenye mguu wa mtoto wake.

*

Maneno yalitangulia kufika kisimani. Wengine walisema mwalimu huyo mgeni kutoka Tukuyu anawakimbiza watoto kisha anawashika shingo kusikiliza mapigo ya moyo, ili ajue nani ana damu nzuri. Sekela hakuyaamini ya damu. Hayo yalikuwa ya watu waliokosa kazi. Lakini yale ya kwamba anapima ardhi ya watu aliyaamini, kwa hiyo siku iliyofuata alijitwika beseni la ndizi kama mtu anayepita kwenda kuuza, akasimama nyuma ya vyoo vipya vya shule ambavyo vilikuwa bado havijaezekwa, akachungulia.

Mwalimu Prisca alikuwa binti mwembamba aliyevaa traksuti ya bluu, filimbi shingoni. Watoto walikuwa wamemaliza mizunguko yao ya uwanja, wanahema, kila mmoja ameweka vidole viwili shingoni mwake mwenyewe. Hakuna aliyeshikwa na mwalimu. "Nani mapigo yake yametulia kwanza?" aliuliza, na mikono ikainuka. "Kwa nini ya Andrea yametulia kabla ya yako? Moyo wake umezoea nini?" Wakabishana, wakataja kucheza mpira, wakataja kupanda milima, mmoja akataja kula ugali mwingi, wote wakacheka.

Kisha akamfunga Andrea kitambaa machoni, akasema huyu ni roboti, anasikia maagizo tu. Darasa zima likapaza sauti: mbele hatua tatu, geuka kulia, mbele! Andrea alikwenda, akaendelea kwenda, mpaka akajigonga kwenye mlingoti wa goli.

"Nani amekosea?" mwalimu aliuliza.

"Roboti!"

"Hapana. Roboti amefanya mlichosema. Hakuna aliyemwambia asimame. Rudini mkarekebishe maagizo."

Sekela alijikuta anatabasamu, akajikasirikia. Ndipo akamwona Lusungu. Amekaa peke yake juu ya tofali pembeni ya uwanja, madaftari mapajani, kwa sababu baba yake alikuwa amemkataza kushiriki. Hakuwa akicheka na wenzake. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akimpa roboti maagizo sahihi, bila sauti.

Kengele ilipolia na watoto kutawanyika, pikapu nyeupe iliingia kwa nyuma, upande usio na lango. Mwalimu Prisca alitazama kushoto, akatazama kulia. Akamkabidhi dereva begi la kompyuta, akampa na karatasi walizoandika watoto, naye dereva akazitia chini ya kiti. Walizungumza kidogo kwa sauti ya chini. Pikapu ikaondoka bila hata kupiga honi.

Sekela alirudi nyumbani na ndizi zake zote, akamweleza mumewe kila alichokiona, mpaka lile la kutazama kushoto na kulia.

"Nilikwambia," Eliya alisema. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake alikula akashiba.

*

Waliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu: Eliya, Sekela na wazazi wengine wawili wa kiume. Mwalimu mkuu Nsajigwa alikuwa mtu mpole aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na hakutaka ustaafu wake uje na fitina.

"Mugonile," aliwasalimia.

"Ndaga," waliitika, wakakaa. Mwalimu Prisca alibaki amesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha na hakuna aliyempisha.

"Kompyuta ni ya nani?" Eliya alianza.

"Ni ya kuazima."

"Kwa nani?"

"Kwa ndugu yangu."

"Ndugu yako anafanya kazi gani?"

Mwalimu alisita. "Yuko mjini, mtaa wa Mbugani."

"Hatujauliza anakaa wapi."

Akauvuta mkoba wake karibu. Mmoja wa wale wazazi akasema basi mkoba wake ufunguliwe, pengine humo kuna vidude vingine, pengine kuna ramani. Mwalimu mkuu alisema hilo si jambo la kiungwana, wala sheria haimruhusu. Yule mzazi akasema kama hana cha kuficha atapungukiwa nini? Na kwa kuwa mwenye mkoba ni mwanamke, afungue mwanamke mwenzake.

Wote walimtazama Sekela.

"Fungua tu, mama," Mwalimu Prisca alisema, akauweka mkoba mezani mwenyewe.

Sekela alitoa kimoja kimoja. Pampu ya mpira. Betri zilizofungwa kwa mpira wa nywele. Vipande vya maboksi vilivyokatwa sawasawa na kuandikwa kwa kalamu nene: MBELE. GEUKA. RUDIA. SIMAMA. Chaki. Muhogo wa kuchemsha ndani ya mfuko, umeumwa upande mmoja. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana. Kisha vidole vya Sekela vikagusa pakiti laini, akaijua kabla hajaiona, pedi za kike, akajaribu kuziacha humohumo.

"Hicho ni nini?" yule mzazi aliuliza. "Toa tuone."

"Ni mambo ya wanawake, baba."

"Toa, toa. Siku hizi wanaficha popote."

Aliitoa akiifunika kwa kiganja, lakini kiganja hakikutosha. Wanaume walitazama dari, kisha wakatazama meza. Mwalimu Prisca hakulia. Alikuwa akimtazama Sekela usoni, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi walikosana.

"Kuna kingine chini, mama," alisema. "Usisahau mfuko wa pembeni."

Mfuko wa pembeni ulikuwa na dawa ya kikohozi.

Mwalimu mkuu aliamua mkutano wa wazazi wote ufanyike Jumamosi. Mpaka hapo masomo ya uwanjani yasimame, na kama wazazi hawataridhika ataandika kwa wakubwa wake mwalimu ahamishwe.

"Kwenye mkutano sitasema mimi," Eliya alisema akiinuka. "Atasema mtoto wangu kwa mdomo wake."

*

Jioni ile, wakila, Eliya alimfundisha binti yake maneno.

"Utasema mwalimu alikutuma upime shamba la baba yako."

"Hakusema hivyo, baba. Alisema mahali tunapopajua."

"Wewe unapajua pengine? Basi ni kitu kilekile." Alimega ugali. "Rudia. Mwalimu alinituma..."

"Mwalimu alinituma," Lusungu alisema, akiangalia bakuli la mboga.

"...nipime shamba la baba."

Lusungu alimtazama mama yake. Sekela alijifanya anakuna nazi, ingawa nazi ilikuwa imekwisha na mbuzi ilikuwa inakwaruza kifuu.

Asubuhi yake, Eliya akiwa ametoka, mtoto alimfuata mama yake jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga.

"Mama, babu alipowagawia baba na baba mdogo Ambilikile, aliwagawia sawa?"

"Sawasawa. Mbele ya ukoo mzima. Babu yako alisema hataki akiwa kaburini asikie mtu anasema alimpenda mtoto mmoja."

"Basi tumekosea."

"Mmekosea nini?"

"La kwetu limekuwa kubwa. Tena si kidogo, kama uwanja wa goli hadi goli. Tulidhani tumeharibu maagizo. Mwalimu anasema jibu likikushangaza usilifute, pima tena. Ndiyo maana tulizunguka tena siku ile baba alipotukuta." Alichora majivu kwa kijiti. "Likawa kubwa vilevile."

Sekela aliacha kuchochea moto. "Naomi anajua?"

"Naomi ndiye aliyekuwa anavaa kidude mara ya kwanza."

"Amemwambia mama yake?"

"Nilimwomba asiseme." Sauti yake ikapungua. "Mama, Jumamosi nisemeje?"

Sekela alichukua jembe ili ajipe sababu ya kwenda, akaingia shambani, akashuka hadi upande wa mto, mahali shamba lao linapokutana na la Veronika, mjane wa Ambilikile. Masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yalikuwa pale, yamesimama kijani. Aliyatazama. Alikuwa ameyapita mara zisizo na idadi na hakuwahi kuyatazama. Masale ya upande wa barabara, yale yaliyopandwa na baba mkwe wake, yalikuwa na mashina manene yenye makovu, marefu kuliko mtu. Haya ya mtoni yalikuwa membamba, yote kimo kimoja, kama watoto wa darasa moja.

Akageuka, akarudi juu taratibu, macho chini. Katikati ya kokoa zao, kwenye majani makavu, aliona chipukizi la isale. Hatua chache mbele, jingine. Kisha jingine. Yalikuwa yanachipua kwenye mstari ulionyooka, kutoka kwenye visiki vilivyokatwa chini ya udongo.

Aliyafahamu vizuri machipukizi hayo. Kila msimu wa palizi yeye ndiye aliyeyang'oa. Eliya alikuwa akimwambia, "Anzia kule kwenye magugu ya chini, yale yanasumbua," naye anaanzia kule.

Msiba wa Ambilikile ulipokwisha, yeye alikuwa amekwenda kwao Matema, ziwani, kumuuguza mama yake. Aliporudi alimkuta mumewe ana malengelenge viganjani. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akampa pole ya kazi.

*

Alimkuta Eliya uani ananoa panga.

"Baba Lusungu, yale masale yanayochipua katikati ya kokoa, yalipandwa na nani?"

Panga halikusimama. "Masale huota popote."

"Hayaoti kwa mstari."

Sasa lilisimama. Eliya alilitazama upande huu na upande huu, kana kwamba jibu lingeandikwa kwenye makali.

"Ambilikile aliugua muda gani?" aliuliza. "Nani alimbeba mpaka Mbeya? Ng'ombe wa nani waliuzwa? Wake waliisha, tukauza wangu. Sikuiba kitu cha mtu. Nilijilipa."

"Ulimwambia Veronika?"

"Mwanamke amefiwa, unakwenda kumwambia habari za madeni?"

"Kwa hiyo ulimhurumia."

"Usinichezee kwa maneno, mama Lusungu."

"Kama ulikuwa unajilipa," Sekela alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu, "mbona ulingoja mimi nisiwepo?"

Eliya aliinuka. Hakuwa mtu wa kupiga, na hakumpiga. Alisogea karibu tu, mpaka Sekela akasikia harufu ya jiwe la kunolea mikononi mwake.

"Sikiliza. Mwalimu yule akiondoka, maneno yote yataondoka naye. Watoto watasahau. Akibaki, kila siku patakuwa na kipimo, kila siku patakuwa na swali. Jumamosi Lusungu atasema nilichomfundisha. Ukimharibu, utarudi kwenu Matema, na sitakuja na wazee kukuchukua."

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la saba. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda mpaka kifuani. Veronika alifika wa mwisho, akakaa karibu na mlango pamoja na Naomi. Mwalimu Prisca alikuwa mbele, kando ya ubao, safari hii amevaa gauni. Kidude kilikuwa mezani. Eliya alikuwa amekileta mwenyewe kama ushahidi.

Alizungumza vizuri. Eliya alijua kuzungumza. Aliwakumbusha wale watu wa fulana. Akasema hapingi sayansi, hapingi michezo, hapingi hata kompyuta, kila kimoja kwa saa yake. Lakini vitatu vikichanganywa chungu kimoja, ujue kuna cha nne kimefichwa chini. Watu waliguna kukubali. Akauliza kwa nini kompyuta inaingia na kutoka shuleni kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu Prisca alijibu bila kuinua sauti. "Ndugu yangu Oscar, yule dereva wa pikapu, ni mfanyakazi wa duka la kuchapa karatasi. Kompyuta ni ya duka. Tajiri wake hajui. Karatasi za watoto huwa anazichapa ili tuzibandike darasani. Nilikataa kusema kwa sababu atafukuzwa kazi, na sasa nimesema." Akatazama sakafu. "Shamba la mtu sijawahi kulitaka."

Mnong'ono ulipita, lakini haukuwa wa kumwamini. Mtu aliyeficha hili anaweza kuwa ameficha na lile.

"Asikilizwe mtoto," Eliya alisema. "Lusungu, simama."

Lusungu alisimama. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi na baba yake mwenyewe.

"Mwalimu alinituma," alianza. Alimtazama Mwalimu Prisca, akamtazama Naomi mlangoni, mwisho akamtazama mama yake.

"Kaa chini, mwanangu," Sekela alisema.

Alikuwa amesimama kabla hajaamua kusimama. Dawati lilikwangua sakafu na kila kichwa kiligeuka.

"Mama Lusungu, anaulizwa mtoto," Eliya alisema, meno yamekutana.

"Mtoto alipewa kazi akaifanya. Kilichobaki ni cha wakubwa." "Mnaogopa namba za kidude. Hata mimi niliogopa. Nilijificha nyuma ya vyoo kumchungulia huyu binti, nikamfungulia mkoba wake mbele ya wanaume. Basi tuache kidude. Kamba ipo. Wazee wa ukoo wa mume wangu wamo humu. Twendeni sasa hivi, shamba letu na la mama Naomi yapimwe kwa kamba, kila mtu anaona. Kama watoto walipima uongo, mwalimu afunge virago."

"Na kama walipima kweli?" sauti ya mzee mmoja iliuliza kutoka nyuma.

Sekela alimgeukia mumewe.

"Kwani hicho kidude kilisema nini?" mzee aliuliza tena.

Veronika alisimama polepole pale mlangoni, mkono begani kwa mwanawe.

"Hata mimi ningependa kujua," alisema.

Mwalimu mkuu Nsajigwa alikohoa. "Bwana Eliya, ni kamba tu. Tukipima tumemaliza maneno. Unasemaje?"

Eliya alitazama kidude mezani. Alitazama wazee wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemsaidia kwa macho.

"Shamba langu halipimwi," alisema.

Akatoka. Ilibidi apite mbele ya Veronika ili afike mlangoni, naye Veronika akasogea kumpisha kwa adabu, kama anavyopishwa shemeji mkubwa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Watu walianza kuinuka, wakijifanya wanatafuta viatu na kofia. Kumwomba radhi Mwalimu Prisca hakuna aliyekumbuka. Mwalimu alikwenda mezani, akachukua kidude, akakizima.

*

Ukoo ulipima kwa kamba wiki iliyofuata. Eliya alisimama mbali, mikono nyuma. Alipoulizwa alieleza ugonjwa wa ndugu yake na ng'ombe waliouzwa, na wazee hawakumbishia, kwa maana walikumbuka. Lakini walimwambia deni hudaiwa kwa mdomo, halidaiwi kwa jembe. Masale yakarudishwa juu, kwenye mstari wa zamani. Kokoa zilizokuwa kwenye kipande kile zikawa za Veronika, pamoja na matunda yake yaliyoiva.

Sekela hakurudishwa Matema. Kumrudisha kungekuwa kukiri mara ya pili, na Eliya hakuwa na nguvu ya kukiri mara mbili. Aliacha tu kuzungumza naye. "Mwambie mama yako chumvi haitoshi," alimwambia Lusungu, wote watatu wakiwa wamezunguka sinia moja. Sekela aliamka kila asubuhi akisikiliza kama leo ndiyo siku ya kuambiwa afunge vitu vyake, na mchana aliendelea kupalilia.

Shuleni masomo ya uwanjani yalirudi kwa sharti moja: kila kipindi awepo mzazi wa kuangalia. Kompyuta haikurudi. Maneno ya mkutano yalifika mjini kabla ya jua kuzama, Oscar akafukuzwa kazi, na Mwalimu Prisca sasa alifundisha maagizo kwa vile vipande vya maboksi, watoto wakivipanga kwenye nyasi na kuvitii kwa miguu yao. Wengine walikuwa bado wanasema kuna jambo, ila hawajalijua tu.

Zamu ya kwanza ilimwangukia Sekela. Alikaa kwenye benchi pembeni ya uwanja. Alitaka kumwambia mwalimu neno kuhusu ule mkoba, lakini kila alipokaribia mwalimu alikuwa na kazi, na alikuwa na heshima sana, heshima ile ambayo mtu huwapa wasio wake. "Shikamoo, mama. Karibu kiti," ndiyo yote aliyosema.

Veronika alikuja akiwa na kapu, akakaa upande wa pili wa benchi.

"Mugonile," Sekela alisema.

"Ndaga."

Walitazama watoto wakikimbia. Njiani Sekela alikuwa amejiandalia namna ya kupokea shukrani bila kujivuna. Angesema si mimi, ni Mungu. Shukrani haikuja.

"Mama Lusungu," Veronika alisema, macho uwanjani. "Yale machipukizi ya masale, nani alikuwa anayang'oa?"

"Mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila msimu. Sikujua."

Filimbi ililia. Watoto wakasimama, vidole shingoni, wakihesabu.

"Hukujua," Veronika alisema, "au hukuuliza?"

Ingekuwa rahisi kutaja malengelenge, kutaja Matema, kutaja kwamba yeye ndiye aliyesimama darasani wakati wengine wamekaa. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga mdomoni, kisha akayaacha.

"Sikuuliza," alisema.

Veronika aliitikia kwa kichwa, kidogo, kama mtu anayepokea chenji aliyokuwa ameshaihesabu. Hakuondoka, wala hakusogea karibu. Uwanjani Lusungu alikuwa amemfunga Naomi kitambaa machoni na kumshika mabega ili amgeuze vizuri kabla ya kuanza.

"Kesho zamu ni yangu," Veronika alisema hatimaye, akinyanyua kapu lake. "Wewe baki na kazi zako. Nitawaangalia wote wawili."